Mfalme aliyenyolewa

SWALI: Mwalimu, mimi ni kinyozi hapa Kariobangi. Mteja mmoja aliniambia kuna mfalme wa Wafaranki aliyeondolewa kitini kwa kunyolewa. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu, na nimefurahi kuulizwa na kinyozi. Wafaranki ni watu waliotawala zamani eneo la Ufaransa ya leo na jirani zake. Wafalme wao wa ukoo wa Wamerovinji, ukoo wa mfalme Clovis aliyefariki mwaka 511, walifuga nywele ndefu. Ndizo zilizokuwa alama ya ufalme wao. Kufikia mwaka 751, mfalme wa ukoo huo, Childeric wa Tatu, alibaki na jina tu. Madaraka yote yalikuwa mikononi mwa Pippin, mkuu wa kasri, yaani msimamizi wa nyumba ya mfalme. Pippin alipata kibali cha Papa Zakaria, akatwaa ufalme. Childeric hakuuawa: alinyolewa, akapelekwa kwenye nyumba ya watawa. Nilifundisha kisa hiki miaka mingi, na bado namhurumia.