Matone ya majani pori na mafua

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mafua yamenizoea, hali ya hewa ikibadilika tu, mimi ndiye wa kwanza kupiga chafya. Rafiki yangu amenipa kichupa cha matone ya majani ya porini yaliyolowekwa kwenye pombe kali, akasema mafua yanakata siku ya pili. Natamani nijifunze kuchuma na kuloweka mwenyewe. Natumia vidonge vya presha, na mwanangu wa miaka minne anakohoa. Naye nimpe?

Mama wa Mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mtoto: usimpe. Matone hayo ni pombe, hata yakiitwa dawa. Kwa kikohozi chake, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatosha kumtuliza. (Asali ni mwiko kwa asiyetimiza mwaka, maana inaweza kumletea sumu ya botulizimu.)

Sasa hilo la kukata siku ya pili. Mafua huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Mtu huanza lini kuhangaikia dawa? Siku ya pili au ya tatu, pua imeziba na kichwa kinagonga, yaani pale mafua yamefika kileleni. Anakunywa matone, kesho anajisikia nafuu, na matone yanapata sifa ya kumfukuza mgeni aliyekuwa tayari anafunga mizigo. Hata ekinasea, mmea unaosifiwa kuliko yote kwa mafua, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, waliupitia mwaka 2014, wakakuta ushahidi kwamba unatibu mafua ni hafifu.

Usidhani mimi ni adui wa majani. Naloweka taimu, yale majani ya kiungo yenye harufu, kila mwaka: gramu 100 za majani makavu kwa mililita 500 za pombe safi ya kunywa ya asilimia 40. Natia kwenye chupa ya kioo, naitikisa kila siku kwa wiki nne, kisha nachuja kwa kitambaa. Koo likiwasha, matone machache kwenye kikombe cha maji ya moto yananiliwaza. Nimesema yananiliwaza. Na spiriti ya kusafishia vidonda au ya viwandani usiiguse kabisa. Hiyo inaweza kupofusha na kuua.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kuchuma. Watu hudhani pombe husafisha kila kitu. Pombe haichagui, mwanangu: kilichomo ndani ya jani inakivuta, dawa kwa sumu. Karoti mwitu na hemloki, mmea wenye sumu kali, zote huchanua maua meupe yaliyotandazwa kama mwavuli. Bua la karoti mwitu lina vinyweleo. La hemloki ni laini, lina madoa ya zambarau, na jani lake ukilifikicha linanuka mkojo wa panya. Hemloki ndiyo aliyonyweshwa Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye hakuamka.

Hata mmea unaoujua vizuri una sehemu zake. Mti wa elda, Sambucus nigra, husifiwa kwa matunda yake meusi, lakini majani, vijiti na matunda mabichi ya jamii hiyo hutoa sumu ya sayanidi tumboni. Mwaka 1983 huko California watu 11 waliugua baada ya kunywa juisi ya elda iliyokamuliwa pamoja na majani na vijiti. Moto hupunguza sumu hiyo. Kuloweka si kupika.

Halafu lebo! Mwaka mmoja niliacha chupa mbili kabatini bila kuandika kitu, moja ya kikohozi, nyingine ya kuchua goti. Baada ya wiki nne zote zilikuwa rangi ya chai ya rangi. Nilinusa hii, nikanusa ile, nikaonja ncha ya ulimi kama mjinga. Pombe tupu. Nikazimwaga zote mbili kwenye sinki, na goti likiniuma vilevile.

Kwa presha yako, jihadhari na likorisi, ule mzizi mtamu unaopenda kuchanganywa kwenye dawa za kikohozi, hupandisha presha. Mwonyeshe mfamasia kichupa pamoja na vidonge vyako.

Na ukishikwa ghafla na homa kali, mwili mzima ukauma kama umepigwa, hayo huenda si mafua ya kawaida bali infuluenza. Usikae nyumbani ukihesabu matone. Zipo dawa za hospitali za kupunguza makali ya virusi vyake, na hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Pumzi ikibana au kifua kikichoma, nenda saa hiyohiyo.

Kichupa cha rafiki yako kwanza kiweke mbali na mtoto. Muulize ni mmea gani, sehemu gani ya mmea, na pombe gani. Akikujibu "ni mchanganyiko tu," mshukuru, kisha kimwage.