Jibu: Mume anasema mtoto ni wa ukoo wake, niende mahakamani moja kwa moja?

Pole dada. Kama unataka talaka na kubaki na mtoto, usianzie mahakamani. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ombi la talaka lazima liambatane na hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema wameshindwa kuwapatanisha. Nenda baraza la kata. Kama ni Waislamu, Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) nao wana baraza lao. Mkishindwana, watakujazia Fomu Namba 3, ambayo ndiyo hati hiyo. Isome palepale kabla hujaondoka: majina, tarehe, mhuri, na sentensi inayosema usuluhishi umeshindikana. Na usiikalie, maana ikipita miezi sita tangu itolewe, haifai tena kufungulia ombi. Mahakama ya Mwanzo inatosha kufungulia ombi.

Hilo la "mtoto ni wa ukoo" lisikunyime usingizi. Kifungu cha 125 cha sheria hiyo kinatanguliza ustawi wa mtoto. Wako ana miaka minne, na aliye chini ya saba sheria inachukulia kwamba ni vyema akae na mama, isipokuwa mwenzio athibitishe vinginevyo. Mila hutazamwa, ila hazitangulii. Hakimu pia hapendi mtoto ahamishwehamishwe, kwa hiyo usikubali apelekwe kwa bibi yake "kwa muda tu" wakati huu. Hapo wengi ndipo wanapoponzwa.

Matunzo ni wajibu wa baba hata mtoto akiwa kwako. Tunza kadi ya kliniki na risiti za ada ya chekechea.

Nyumba je, mlijenga mkiwa ndani ya ndoa? Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango wa mke wakati wa kugawana mali ya ndoa.