Mchina anayejifunza Kiingereza cha kila siku: kazi iko kwenye sentensi ya pili

Mkuu, swali lako nimelisoma lote. Msimamizi wa Kichina mnayefanya naye kazi hapo saiti anataka umsaidie Kiingereza cha kila siku. Ana daftari limejaa sentensi alizonakili, anazisoma vizuri tu, lakini ukimjibu anaganda. Na wewe unasema si mwalimu, Kiingereza chenyewe umekipata shule ya kata, sasa utaanzia wapi. Mimi nilisoma Wuhan, huko China, na jioni nyingi za kule zilikwisha nikizungumza Kiingereza na wanafunzi wa Kichina waliotaka mtu wa kuongea naye. Baadaye nikawa nafuatana na wafanyabiashara wetu Guangzhou, maeneo ya Xiaobei, nikiwakalimania. Jambo hili nalijua kwa karibu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Kwanza umjue mtu wako. Usimchukulie kama anayeanza. China ilianza kupeleka Kiingereza hadi darasa la tatu la msingi mwaka 2001, na waliosoma kabla ya hapo wengi walikianza sekondari. Kwenye mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, Kiingereza sehemu kubwa ya nchi kina alama 150 kati ya 750, sawasawa na hesabu. Akiingia chuo anakutana na mitihani mingine ya Kiingereza, ngazi ya nne, iliyoanza 1987, na ngazi ya sita, iliyofuata baadaye, na waajiri wengi wanaulizia cheti chake. Kama jamaa yako amepita njia hiyo, basi ana maneno kichwani kuliko wewe na mimi tunavyodhani. Sarufi anaweza hata kukusahihisha. Alichokosa ni kuongea na mtu. Wachina wenyewe hali hiyo wanaiita yaba yingyu, Kiingereza cha bubu, na wanaisema kwa uchungu, maana wamekitolea jasho miaka mingi.

Sasa tazama kinachotokea akikutana na mtu. Vyuo vya China vina kitu kinaitwa kona ya Kiingereza: watu wanakusanyika jioni uwanjani na kuzungumza na yeyote anayekijua. Inayosifika zaidi ni ile ya Chuo Kikuu cha Renmin, Beijing, ya Ijumaa jioni, lakini ziko kila mahali. Nimesimama sana kwenye kona hizo. Mtu anakuja, anakuuliza unatoka nchi gani. Unamjibu. Anakuuliza kama unapenda chakula cha Kichina. Unajibu unapenda, hasa zile tambi kavu za Wuhan za asubuhi. Yeye anasema "Oh", kisha anakuuliza kama unaweza kutumia vijiti. Jibu lako kuhusu tambi limepita bila kupokewa. Maswali aliyokuja nayo yakiisha, mazungumzo yameisha, na anaondoka ameinamisha kichwa akiamini Kiingereza chake ni kibovu. Si kibovu hata kidogo. Kila sentensi aliikariri peke yake, haina ya kabla wala ya baada.

Ndiyo maana nakwambia shida ya mtu wako haiko kwenye sentensi za daftarini. Iko kwenye sentensi ya pili, ile anayopaswa kuisema baada ya kusikia jibu ambalo hakulitegemea.

Zoezi lililonifaa kuliko mengine yote ni hili. Chukua sentensi moja ya kwake, ya kazini kwake. Tuseme "Has the cement arrived?" Aiulize. Mjibu "Yes". Halafu umtazame, usiseme kitu, mpaka aseme neno linalofuata: "Good, how many bags?" Aulize tena swali lilelile, sasa mjibu "Not yet". Lazima aseme kingine: "When is it coming?" Mara ya tatu mjibu "Yes, but half of it is wet". Hapo ndipo utamwona anatoka jasho, na hapo ndipo anapojifunza. Swali ni lilelile ila jibu linabadilika, na hajui litakuja lipi. Sentensi moja ikizungushwa hivyo kwa jibu tano sita inamfaa kuliko kurasa nzima za daftari lake. Kisha mgeuze: wewe uulize, yeye ajibu, na kila anapojibu aongeze kitu. Usikubali "Yes" tupu.

Sentensi zenyewe zitoke kwenye siku yake. Mwambie kila jioni aandike, hata kwa Kichina, mambo mawili matatu aliyotaka kuyasema mchana yakamshinda. Kama alitaka kumwambia dereva arudishe gari nyuma kidogo, au kumwambia mwuza nondo kwamba alizoleta si za unene walioagiza, hiyo ndiyo sentensi yake ya kesho. Orodha za mtandaoni za sentensi mia za kila siku zina mambo ya hotelini na uwanja wa ndege, na mtu wako yuko kwenye zege.

Rafiki yangu mmoja wa uhandisi nilikuwa namfanyisha mazoezi kwa WeChat, programu ya simu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe mmoja unaishia sekunde 60, na kwa mazoezi muda huo unatosha kabisa. Ananitumia kilichotokea leo, mimi namjibu kwa sauti kama mtu anayepiga soga, sifanyi ualimu. Akisema "I yesterday go bank", simwambii amekosea. Namwambia "Oh, you went to the bank yesterday! Was it full?" Sentensi sahihi imepita sikioni mwake, na papo hapo ana swali la kujibu. Baada ya muda alianza kujirekebisha mwenyewe katikati ya ujumbe. Na kwa sababu ni sauti iliyorekodiwa, anaweza kufuta na kurudia mpaka aridhike. Kwa mtu mwenye aibu hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu aibu, tafadhali sana: usimsahihishe mbele ya vijana wake. Heshima ya mtu mbele ya walio chini yake ni nzito kwa Mchina kama ilivyo kwetu, na ukimgusa hapo hatafungua tena mdomo. Mchukue pembeni. Na mwombe naye akufundishe Kichina kidogo kidogo. Akikuona unahangaika na toni zao nne, yaani kupandisha na kushusha sauti kunakobadili maana ya neno, unyonge wake utapungua, mtakuwa wanafunzi wawili.

Sasa tuje kwenye mahali ambapo Kichina kinamvuta. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Jana, leo, kesho, umbo ni lilelile, neno la wakati ndilo linaloeleza, pamoja na vijineno vichache vya kuonyesha kuwa jambo limetimia. Sisi wenye li, na, ta kwenye damu tunashangaa mtu mzima anasemaje "I go" kwa safari ya wiki iliyopita. Usimpe majedwali, anayo tangu sekondari. Mpe jambo moja alitembeze: "I called him yesterday. I'm calling him now. I'll call him tomorrow." Kwa sauti, mpaka kinywa kizoee. Mpangilio wa maneno nao: Kichina kinaweka wakati na mahali kabla ya kitenzi, kwa hiyo utasikia "I tomorrow at the gate wait you". Hapo Kiswahili chetu kiko karibu zaidi na Kiingereza, tunasema nitakusubiri getini kesho, na sikio lako litalikamata kosa hilo upesi.

Kuna makosa mengine ambayo sikio lako halitayakamata, kwa sababu ni yetu pia. "He" na "she" kwa Kichina cha kuongea zote ni ta, kama sisi tulivyo na yeye. Akisema "she" akimaanisha mkandarasi mwanaume, unaweza usistuke. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni picha za familia kwenye simu. Anakuonyesha mama yake, mke wake, kaka yake, na kila mmoja anamzungumzia sentensi tatu nne. Anapenda kuzungumza habari za kwao, kwa hiyo hachoki.

La pili lina hatari, na kwa saiti naomba ulianze wiki hii hii. Ukimuuliza Mchina "The power is not on?" na umeme kweli haujawashwa, atakujibu "Yes", akimaanisha ndiyo, ulivyosema ni sawa. Mswahili naye hujibu hivyohivyo: Umeme haujawashwa? Ndiyo, haujawashwa. Ninyi wawili mtaelewana vizuri sana. Lakini injinia aliyezoea Kiingereza cha wenyewe akisikia "Yes" ataelewa umeme umewaka, au atabaki na shaka, na mtu yuko juu ya ngazi ameshika waya. Mfanye asiseme kamwe "Yes" au "No" peke yake kwa swali la namna hiyo. Aseme lote: "No, it's not on." Na wewe pia.

Namba ni eneo jingine la hasara. Sisi tukishapita elfu kumi tunaendelea kuhesabu kwa maelfu mpaka laki. Wao elfu kumi ina kituo chake, wan, na kutoka hapo wanahesabu kwa wan: laki moja ni wan kumi, milioni ni wan mia. Kwa hiyo bei ya shilingi 250,000 kichwani mwake ni wan ishirini na tano, na akiigeuza kwenda Kiingereza kwa haraka, sifuri moja inaponyoka. Pale Xiaobei kila meza ina kikokotoo, muuzaji na mnunuzi wanaonyeshana namba kuliko kuzitamka. Shilingi yetu ina sifuri nyingi kuliko yuani, shida inaongezeka. Andika bei halisi za mfuko wa saruji, za lori la kokoto, za kodi ya nyumba, azisome kwa Kiingereza kila siku kidogo, huku akiweka mkato kila baada ya tarakimu tatu. Ghorofa nazo uziangalie. China ghorofa ya kwanza ni ile ya chini iliyo usawa wa barabara. Sisi tumerithi hesabu ya Waingereza, ya chini haihesabiwi. Akisema "third floor", hakikisheni mnazungumzia sakafu moja kabla tofali hazijapandishwa.

Matamshi sitayakalia sana. Silabi ya Kichina sanifu inaishia kwenye irabu, au n, au ng, na r kwa baadhi ya maneno. Kwa hiyo "good" na "job" ama anazimeza mwishoni ama anaziongezea mkia, kama sisi tulivyofanya benki na kabati. Usipigane na neno mojamoja. Mfundishe kuunganisha: "pick it up" isomwe kama silabi zinazoshikana, pi-ki-tap, konsonanti ihamie kwenye irabu inayofuata. Itatoka yenyewe. Sauti ya th hana, anasema s. Wewe unayo kwenye thamani na dhahabu, basi mwonyeshe ulimi unapokaa. Na watu wa majimbo ya Hubei, ambako ndiko Wuhan iliko, Hunan na Sichuan wengi wanachanganya n na l, "night" na "light" kwao zinafanana. Wuhan nilikutana na hilo kila siku.

Lugha ya kuomba nayo iangalie. Atasema "You give me hammer" na watu watamwona mkali, wakati kichwani mwake hajamtukana mtu. Mpe "Can I have" na "Could you", zimtoke bila kufikiri, kama sisi tunavyotanguliza naomba.

Utasikia watu wakikushauri umwambie apige kelele Kiingereza alfajiri. China mtindo huo uliwahi kupata wafuasi wengi, na hata leo ukipita vyuoni asubuhi utakuta vijana wamesimama na vitabu wakisoma kwa sauti. Unasaidia kinywa kufunguka. Ila hakuna anayekujibu pale, na tatizo la mtu wako ni kujibiwa. Programu za kutafsiri kwenye simu azitumie jioni akiandaa sentensi zake. Katikati ya mazungumzo ziwe mfukoni.

Jambo la mwisho ni la kumuuliza kabla hamjaanza: atazungumza na nani? Kama ni vibarua na mafundi, ukweli ni kwamba atahitaji Kiswahili kuliko Kiingereza, na nimewaona Wachina wengi hapa nyumbani ambao Kiswahili kinawatoka vizuri huku Kiingereza hawakigusi. Kama ni injinia mshauri, wauzaji wa vifaa, benki na hospitali, basi Kiingereza, na sentensi zitoke huko. Mazoezi ni yaleyale kwa lugha zote mbili.

Muulize pia anatoka jimbo gani, uje utuambie. Na ukiweza, weka hapa sentensi kumi za mwanzo za daftari lake. Nitakuandikia kila moja majibu yake matatu manne ili muanze nazo Jumatatu.