Mguu wa injini umeota magamba

SWALI: Shikamoo fundi. Boti yangu nimeihamisha kutoka Kirumba, ziwani Mwanza, kwenda Tanga baharini. Miezi miwili tu, mguu wa injini, ule wa chini wenye propela, umeota magamba makali. Nipake ile rangi yenye shaba ya kuzuia magamba niliyopaka chini ya boti?

JIBU: Marahaba. Usithubutu! Mguu huo ni wa alumini. Ukipaka shaba, kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo italiwa. Nimeshaushika mmoja, vishimo vitupu, ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga mweupe. Tafuta rangi isiyo na shaba, ya kupakwa kwenye alumini. Huku ziwani tumezoea utelezi wa kijani, unafutika kwa kitambaa. Magamba ya baharini yanang'ang'ania. Ukitia nanga, nyanyua mguu utoke majini. Halafu kile kipande cha magnesiamu cha ziwani, kinachofungwa kwenye mguu ili kiliwe chenyewe badala ya alumini, kitaisha upesi huko: funga cha zinki, nacho usikipake rangi kabisa.