Rejeta ya moto juu na baridi chini: tatizo si hewa

Ndugu yetu uliyeko Leeds, umeeleza kwamba rejeta ya sebuleni, yaani lile bamba la chuma la ukutani linalopitisha maji moto ili kupasha chumba, inapata moto juu huku sehemu ya chini, hasa katikati, ikibaki baridi, na kwamba umekwisha kuitoa hewa mara tatu bila nafuu. Hali hiyo niliipitia hapa Leicester, Uingereza, katika majira yangu ya pili ya baridi, na kosa nililofanya ni hilo hilo lako.

Hewa hukaa juu ya maji, kwa hiyo rejeta yenye hewa huwa baridi juu na moto chini. Yako ni kinyume, na hiyo ni dalili ya tope. Maji yanayozunguka humo hula chuma polepole, na kutu yake nyeusi, iliyo nzito, hutuama mahali ambapo mkondo ni hafifu. Mimi sikulijua hilo, nikawa nafungua kiziba cha hewa kila jioni, na kila nilipofungua nilipunguza maji ya mfumo mzima, hata presha ikashuka na boila, mtambo wa gesi unaopasha maji hayo, ikajizima usiku wa barafu. Mke wangu alilala na koti. Basi kwanza tazama kipimo cha boila: kwa mfumo usio na tangi darini, ukiwa umepoa, mshale usimame kati ya bar 1 na 1.5.

Kuisafisha ni kazi ya mchana mmoja. Zima mfumo, subiri upoe kabisa, kisha funga koki zote mbili za rejeta. Ile isiyo na namba, iliyofunikwa kwa plastiki, hesabu mizunguko yake hadi ifunge na uiandike, kwa sababu ndiyo inayogawa maji baina ya vyumba, na ukiirudisha kwa kukisia chumba kimoja kitachemka na kingine kitaganda. Tega beseni, legeza nati huku ukiishikilia koki kwa spana ya pili, ndipo ufungue kiziba cha hewa ili maji yashuke. Maji hayo ni meusi kama wino. Ziba ncha zote kwa vitambaa kabla ya kuinyanyua, na uitafutie mtu wa pili, kwani tope huiongezea uzito.

Ukiwa nje, ingiza mpira wa maji upande mmoja, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, igeuze na urudie hadi maji yatoke maangavu. Yangu ilinichukua karibu saa nzima. Baada ya kuirudisha ukutani na kufungua koki, ile ya plastiki kwa mizunguko uliyoiandika, jaza maji, toa hewa, rekebisha presha, na uongeze dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa iliyokuwamo imepunguka. Iwapo rejeta nyingi zina dalili hiyo, kuosha moja hakutafaa kitu. Mfumo mzima usafishwe na uwekewe chujio la sumaku.

Boila yenyewe usiifungue, kwani kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi nchini humu. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwandikie mwenye nyumba kabla ya kushika spana, maana sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamtaka yeye autunze mfumo wa kupasha joto. Mimi nilijitia ufundi nikiwa mpangaji, sikuziba zile ncha, na gharama ya zulia ikakatwa kwenye amana yangu.