Shangazi, Mume Wangu Anamnyima Binti Yetu Udaktari

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makambako, nauza vitenge. Binti yetu mkubwa kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, kapata daraja la pili, pointi 11. Tangu yuko tumboni ndoto yangu ni awe daktari. Amechaguliwa udaktari wa binadamu kwenye chuo kimoja binafsi Dar es Salaam, ada milioni sita kwa mwaka. Baba yake, fundi baiskeli, hataki kusikia. Yeye alimjazia chuo cha serikali cha SUA, Morogoro, nako kachaguliwa, akasomee udaktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe, Shangazi! Eti huko ada haifiki hata milioni mbili na mkopo wa Bodi utatosha.*

*Huyu baba ni mchoyo, na nahisi hataki mtoto wa kike asome. Kazunguka naye kwa mtendaji kugongesha mihuri, kauza mpaka baiskeli yake, na kwenye fomu ya mkopo kaandika namba yetu ya TASAF, ile ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, wakati nilimkataza. Sasa mtaa mzima unajua sisi ni kaya maskini. Huo mkopo wenyewe ni utumwa, wanakukata mpaka uzeeni. Mimi nimeshampa kijana mmoja laki nne za kianzio, ana nafasi za skolashipu ya Uturuki. Ikishindikana, ada ya Dar naweza kuanzia na mkopo wa kausha damu. Mtoto mwenyewe mpole, anasema popote ni sawa. Tunatakiwa kuthibitisha chuo wiki hii, na simu yenye namba ya siri ninayo mimi. Nifanyeje huyu mwanaume anielewe?*

*Mama Mwenye Uchungu, Makambako*

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na hongera. Mtoto kutoka kibanda cha fundi baiskeli na meza ya vitenge kufaulu PCB si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilimchukia mumeo, kama ulivyotaka. Nilipoirudia nikachukua kalamu, nikapiga mstari kila ulipoandika kitu alichokifanya yeye. Kaenda kwa mtendaji. Kajaza fomu. Kauza baiskeli. Fundi baiskeli, mama, anauza baiskeli yake mwenyewe! Maana yake asubuhi anatembea kwa miguu kwenda kuziba pancha za wenzake. Halafu unaniambia huyo ndiye asiyetaka mtoto wa kike asome?

Mimi najua ile fomu ya Bodi ya Mikopo ilivyo. Kuna elfu thelathini ya maombi. Kuna cheti cha kuzaliwa ambacho lazima kihakikiwe na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na ukikosea herufi moja ya jina unaanza upya. Kuna mdhamini na kitambulisho chake, kuna muhuri wa serikali ya mtaa, kuna wakili wa kuapisha. Asiyetaka mtoto asome hahangaiki hivyo. Angekaa tu barazani akasubiri dirisha lifungwe, kisha akasema bahati mbaya. Wanaume wa namna hiyo nawajua, barua zao ninazo kabatini. Wako si mmoja wao.

Sasa tuje kwenye hii TASAF, maana ndipo kidonda kilipo. Umeandika mistari mingi kuhusu udaktari, lakini kinachokuumiza ni mtaa kujua. Nikuulize: zile fedha za ruzuku mlizipokea au hamkuzipokea? Kama mlizipokea, mtaa ulijua siku ile mliyosimama kwenye foleni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bodi haina macho ya kuona sufuria lako. Inaona makaratasi, na kwa makaratasi hayo inapima nani anaweza kuchangia na nani hawezi. Wenye magari wanahangaika kutafuta namna ya kuonekana maskini ili watoto wao wapate mkopo, na wewe uliye na uthibitisho mkononi unataka kuuficha chini ya vitenge? Ile namba ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote mlivyonavyo katika safari hii. Mumeo kameza aibu yake akaiandika. Wewe hukuimeza, na ungeachiwa ungemlipisha mtoto.

Unasema mkopo ni utumwa. Mwanangu wa kwanza alisoma kwa mkopo huo huo. Alipopata kazi wakamkata asilimia 15 ya mshahara, akanung'unika kila mwisho wa mwezi kama mtu mwenye jino bovu, akamaliza. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lionekane haliishi, ilifutwa mwaka 2021. Asiye na mshahara hakuna anayekuja kumbebea kitanda. Kausha damu, je? Jina lenyewe wamelitoa waliokopa, si mimi. Wale wanataka rejesho la wiki, mvua inyeshe au kitenge kisiuzwe, na wakikukosa wanabeba televisheni. Unakimbia deni ambalo mwanao atalilipa akiwa na kazi, unakumbatia deni utakalolilipa wewe akiwa bado hajafungua daftari. Hesabu gani hiyo?

Tufanye hesabu yenyewe basi. Milioni sita mara miaka mitano ni milioni thelathini, na bado kuna mwaka wa utarajali hospitalini. Weka na chumba Dar, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na daladala, na joto linalotaka feni. Bodi siku hizi inatoa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, nayo inakuja kwa awamu. Ada haibebwi yote kwa kila mtu. Ukipewa sehemu, tofauti unaibeba wewe. Tofauti ya ada ya SUA mtaihangaikia, mtauza hata mahindi. Tofauti ya milioni sita itamrudisha mtoto nyumbani mwaka wa pili, na msichana aliyerudi na begi mwaka wa pili ni mgumu sana kumrudisha darasani.

Sitaki mtu aseme Shangazi anaponda vyuo binafsi. Bugando na KCMC wametoa madaktari wazuri sana. Mwenye nacho ampeleke mwanawe. Wewe huna, mdogo wangu, na si dhambi.

Na huyo daktari wa ng'ombe unayemcheka ana kosa gani? Naye anasoma miaka mitano, huko chini ya Uluguru, kwenye chuo chenye jina la Sokoine kilichoanza kuwa chuo kikuu mwaka 1984. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hapo mkoani kwako Njombe watu wanafuga ng'ombe wa maziwa. Nenda kamuulize mmoja, siku ng'ombe wake anapokwama kuzaa saa nane usiku, huwa anamwitaje yule anayefika na buti na mfuko wa sindano. Anamwita daktari, tena kwa kumsujudia. Kimeta na kichaa cha mbwa vinaua watu, na anayevizuia kabla havijafika kwako ni huyo unayemwonea haya.

Kuhusu kijana wa Uturuki sitapoteza wino. Skolashipu ya serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, inaombwa bure, mwombaji anajaza mwenyewe mtandaoni, na dirisha lake la shahada ya kwanza hufunguliwa Januari na kufungwa Februari. Hakuna mtu mwenye nafasi mfukoni Septemba. Laki nne zimekwenda. Nenda polisi ukijaliwa, lakini usimwongezee hata mia. Na hukuniambia zilitoka wapi. Meza ya vitenge Makambako haitoi laki nne kwa siku moja. Kama ni za kikoba, na mumeo hajui, ndiyo maana una haraka hivi ya kumfanya yeye awe mbaya. Ile Samia Scholarship ya serikali yetu nayo usidanganywe na mtu kwamba atakuombea. Inakwenda kwa waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi, na daraja la pili pointi 11, kwa heshima zote, halifiki huko.

Lakini hii ndiyo ndoa ya siku hizi. Mwanamke ana mpango wake kwenye simu, mwanaume ana wake kichwani, mtoto yuko katikati anasema popote ni sawa. Zamani mama zetu walikuwa hawana la kusema, na hilo sililii hata kidogo. Sasa tuna la kusema, tunakwenda kulisema kwa wenzetu wa kikoba, tunalisema kwa Shangazi, kwa kijana wa Uturuki, kila mahali isipokuwa chumbani. Tukimtangazia kila mtu "mwanangu anakwenda kusomea udaktari Dar", basi mume akishika hesabu anakuwa mchawi. Na wanaume nao! Baba huyu kosa lake moja naliona: alifanya kila kitu kimya kimya kama mtu anayeiba. Angekuketisha akakuonyesha ile karatasi ya ada, pengine nisingepata barua hii. Lakini mwanaume aliyezoea kukatwa maneno hujifunza kunyamaza, na kimya chake tunakiita uchoyo.

Halafu nikuulize la mwisho. Katika barua nzima mwanao kasema maneno matatu. Unajua "popote ni sawa" kwa mtoto mpole ina maana gani? Ina maana hataki kuwaona mkigombana. Kama fomu ya SUA waliijaza pamoja na baba yake, basi anakotaka kwenda unakujua.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mpe mtoto ile simu yenye namba ya siri. Aliyechaguliwa vyuo viwili anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya muda, na muda huo hausubiri mama apoe. Mwache athibitishe mwenyewe, baba yake akiwepo na wewe ukiwepo. Usiku mwambie mumeo habari ya laki nne, kabla hajaisikia kwa mwenyekiti wa kikoba. Atakasirika, vumilia. Majina ya mkopo yakitoka na mtoto akakosa au akapata kidogo, kuna dirisha la rufaa, mwende wote wawili na makaratasi yale yale, na safari hii wewe ndiye uibebe ile namba ya TASAF.

Na mauzo ya kwanza ya vitenge yakinyooka, mnunulie baiskeli.

Shangazi