Gari limezima mlimani? Usikimbilie kutia P

Taa ya betri iliwaka nikiwa bado Kondele, Kisumu. Nikajiambia nitaiangalia nikifika Kakamega, uongo ambao kila mwenye Vitz kuukuu amewahi kujidanganya nao. Nilipopita Mamboleo na kuanza kupanda kuelekea Kiboswa, saa moja jioni, dashibodi ikafifia, redio ikakata, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Kwa mazoea tu nikavuta handbreki, nikatia P, gia ya kuegesha, nikazima swichi.

Hapo kwa P ndipo nilipojifunga mwenyewe. Magari mengi ya gia otomatiki hayaachii gia itoke P mpaka ukanyage breki na umeme ufungue kufuli dogo lililo chini ya gia. Betri ikifa, kufuli halifunguki. Nyuma yangu trela linapiga honi, na kijana wa boda keshaegemeza bega kwenye buti: "Omera, weka free tusukume!" Navuta, wapi!

Kumbe dawa ilikuwa chini ya mkono wangu. Kando ya gia, karibu na herufi P, kuna kifuniko kidogo cha plastiki; kwenye Toyota nyingi pameandikwa Shift Lock. Mama wa mahindi choma alinipa kisu chake, ncha bado ina majivu, nikakibandua. Kikarukia chini ya kiti, sijakiona hadi leo. Ndani mna tundu. Kalamu ilivunjikia humo. Kilichofaa ni ufunguo wa pikipiki. Ukiwa umekanyaga breki, chomeka na ubonyeze, bonyeza pia kitufe cha gia, kisha vuta polepole hadi N, yaani free.

Ila mawe kwanza! Mlimani, ukishatia N na kuachia breki, gari linarudi kinyumenyume. Yaweke nyuma ya magurudumu, na uwashe swichi bila kupiga stata, usukani usije ukajifunga. Injini ikiwa imezima, ukikanyaga breki mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama ukuta, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu zote na ushikilie. Tulishuka hatua kwa hatua, vijana wawili wakisogeza mawe nyuma ya tairi, mpaka uwanja wa duka moja pembeni.

Siku hizi gari likizima likiwa bado linatembea, natia N papo hapo. Kutoka D, gia ya kwenda mbele, kwenda N hakuna kufuli, nami naliachia mwendo uliobaki linitoe barabarani.

Vijana walitaka tulisukume liwake. Otomatiki haiwaki hivyo. Hata kulivuta, Vitz langu linaendeshwa na magurudumu ya mbele, basi hayo ndiyo yanayoinuliwa. Yakiburutwa chini injini ikiwa imezima, pampu haipeleki oili kwenye giaboksi nayo inaungua.

Fundi alikuta brashi za alteneta, ile inayochaji betri, zimekwisha. Akanidokeza jambo jingine: betri ikiwa nzima na gia bado imekwama P, mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki. Zisipowaka ukikanyaga, anza na fyuzi yake.